Kaburi la Fundi Manangu

Kabla hujanicheka, ngoja nikupe mwenyewe sababu zote za kunicheka, maana mke wangu Buthaina anasema hadithi hii nikiwaachia watu wengine waisimulie, watanipunja. Watataja ujinga wangu mmoja au miwili wausahau wa tatu, na huo wa tatu ndio uliotutoa machozi.

Mie naitwa Asaad bin Safwan, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Sib, Oman, mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa serikalini upande wa maji, nikitia saini michoro ya mabomba. Siku niliyostaafu nilijiambia kwamba mtu alojua mabomba atashindwaje na majengo ya kale, kwani bomba si linapita ukutani? Nikanunua kofia pana, fimbo na tochi, nikafungua kundi la wasapu la wapenda majengo ya kale, na mwenyewe nikajiteua kuwa mtaalamu. Hakukuwa na mgombea mwengine.

Kundi likajaa upesi. Wengi ni watu wa kwetu, watoto wa Unguja na Pemba waliozeekea Maskati, wenye magari mazuri na Jumamosi ndefu zisizo na kazi. Nikawa nawapeleka ngome hii na nyumba ile, nanyoosha fimbo, nasema "zingatieni hapa", nao wanazingatia. Utamu wa kuzingatiwa, bwana we, ukishauonja hukubali tena kukaa nyumbani ukaambiwa ukanunue maziwa.

Kipenzi changu kilikuwa msikiti mmoja wa kale kijijini kwa babu yangu, nyuma ya Yiti, ndani kabisa ya majabali. Ni msikiti mdogo. Kuta zake za mawe na udongo ni nene hata unaweza kulala katika upenyo wa dirisha. Hauna mnara; ipo ngazi ya nje inayopanda mpaka darini, na huko ndiko muadhini alikosimama. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama. Ndani mna nguzo za mraba zilizokandikwa saruji ya kizamani, ile ya udongo wa kuchoma, na dari ya magogo ya mtende, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama za nyumba zetu za Mji Mkongwe. Mbele ndipo penyewe: mihrabu ya jasi, iliyonakshiwa mawaridi na minyororo, na katikati ya nakshi limepachikwa bakuli la kichina la buluu, lina ufa.

Kila kitu humo nilikitafutia maelezo. Mlango mfupi, nilisema, ni kumfunza mja unyenyekevu. Zidaka ni za vitabu vya wanazuoni. Bakuli lililetwa kutoka Unguja na babu yangu, Sleyum bin Marhoon, ambaye ndiye aliyeufufua msikiti huu ulipokuwa gofu. Ushahidi wa jambo hili la mwisho ulikuwa kwamba lilinifurahisha.

Na nje, nyuma ya ukuta wa kibla, palikuwa na kaburi lake.

Hapa lazima nikueleze mambo ya familia. Mwaka ule wa sitini na nne, babu na bibi waliondoka Unguja wakaja hapa kijijini, kwao babu. Bibi hakuwahi kuiona Oman, alizaliwa Unguja na Kiarabu hakukijua. Watoto wao wawili walibaki: baba yangu Safwan, na dada yake, shangazi Muhsina, ambaye alikuwa ameolewa karibuni. Baadaye zikaja habari mbili, zote kwa mdomo wa baharia mmoja wa kijiji hiki aliyekijua Kiswahili. Ya kwanza: "Mzee wenu kafariki, kazikwa nyuma ya msikiti, upande wa kibla." Ya pili, baada ya muda: "Mzee wenu aliyebaki naye kafariki. Yeye kafia Bahrain." Baharia akanywa chai yake akaondoka. Familia ikakaa, ikalia, ikaelewa: babu kafia kwao kama ada ya wazee, na bibi kapelekwa Bahrain kutibiwa, kwa kuwa watu walikuwa wakisema Bahrain kuna hospitali nzuri, akafa huko peke yake, kati ya watu asiowajua na lugha asiyoisikia.

Shangazi Muhsina hakumsamehe baba yake. Alikuja Oman nasi katika miaka ya sabini, amekaa hapa umri mzima, na hata siku moja hakukubali kulizuru kaburi lile. "Alimtoa mama nyumbani kwake akamleta kwenye mawe," alikuwa akisema, "kisha akampandisha chombo mgonjwa, peke yake. Simwendei." Sasa ni mkongwe, kapita themanini, anakaa nasi Sib katika chumba cha mbele ambamo kila apitaye njia humwona yeye kwanza. Kila mtu kwake ni mwanangu: mimi mwanangu, Buthaina mwanangu, polisi wa barabarani mwanangu, hata fundi wa kiyoyozi mwenye miaka hamsini na ndevu nyeupe, mwanangu. Ulimi huo, anasema, kaurithi kwa mamake.

Na alikuwa na haja moja tu duniani. Apelekwe Bahrain, alitafute kaburi la mama yake, akae hapo kidogo ili mama ajue kuna mtu amekuja. Kila akiniuliza, "Asaad, mwanangu, Bahrain lini?" nilimjibu, "Inshallah, shangazi." Lakini Jumamosi hii kuna ngome, na Jumamosi ijayo kuna msikiti, na mtaalamu hawezi kuwaangusha watu wake. Mpaka siku tulompeleka kwa daktari, na daktari akasema moyo huu haupandi ndege tena.

Hakulia. Alinitazama tu. Na tangu siku hiyo aliacha kuniita mwanangu, akawa ananiita Bwana Asaad. Nyumba nzima ilisikia baridi. Watu hudhani matusi ndiyo yanayouma. Hebu waitwe Bwana na shangazi yao aliyewafunga nepi.

Sasa turudi kwenye utaalamu wangu. Siku ya kwanza nilipofika msikitini nilimuuliza mtu mmoja aliyekuwa akitoka kusali: kaburi hili la nani? Akasema, "La Manangu." Mtu mwengine angeuliza, Manangu ndiye nani? Mie nilikwenda nyumbani nikafungua vitabu, na vitabu vilipokataa kunijibu nikajijibu mwenyewe: Manangu ni neno la Kihimyari, lugha iliyokufa ya Yemen ya kale, maana yake fundi mkuu, yule anyanyuaye mawe. Ilikuwa lakabu ya babu kwa kazi yake ya kuufufua msikiti. Nani atanipinga? Wahimyari wote wamekufa.

Na mawe nayo. Makaburi ya hapa hayaandikwi. Ni mawe matupu ya jabali, moja kichwani na moja miguuni. Lakini mengine yana jiwe la tatu katikati, na la babu lilikuwa na matatu. Nikafikiri juu ya jambo hilo mpaka chai ikanipoa mkononi, kisha nikapata: mawe mawili ni mtu wa kawaida, mawe matatu ni mwanachuoni. Ni daraja, kama nyota begani kwa afisa. Nikaenda kuyakagua makaburi yote, nikakuta karibu nusu yana mawe matatu. Mtu mwenye akili zake angesita hapo. Mie niliwatangazia wanakundi kwamba nimegundua kijiji cha wanazuoni.

Wenyeji walinipenda. Nilikuwa nikitoa darsa zangu kwa Kiarabu, kwa heshima yao, na Kiarabu changu nakionea fahari kwa sababu nimekisoma nikiwa mkubwa na nimekisoma kwa jasho. Wanawake wa kijiji walikuwa wakitandika mkeka kivulini mwa ukuta, wakiniletea tende na kahawa, na kila nilipofika kwenye mawe matatu na daraja la juu la elimu, walitazamana wakatabasamu na kunijazia sahani. Nilijua ninasema vizuri.

Hamoud peke yake ndiye aliyenitia wasiwasi. Yeye ni mzaliwa wa hapo, ana duka la vifaa vya maofisi Hamriya, mjini Maskati, na ndiye msimamizi wa msikiti. Nilipomwambia nataka kumwekea babu kibao cha marmaru, chenye maandishi ya dhahabu, akasema, "Ustadh, sisi makaburi hatuyaandiki."

"Si kibao cha kaburi," nikamwambia. "Ni kibao cha elimu."

"Inshallah," akasema Hamoud, akitazama birika la kahawa.

Mwenye kuijua Oman anajua kuna inshallah ya ndiyo na inshallah ya hapana. Mie niliyempa shangazi yangu inshallah ya hapana miaka nenda miaka rudi, ya Hamoud sikuitambua. Nikachongesha marmaru. Maandishi nilitunga mwenyewe: Hapa amelala Fundi Mkuu Sleyum bin Marhoon, maarufu kwa jina la Manangu, mwanachuoni na mhuishaji wa msikiti huu. Chini, kwa herufi ndogo za unyenyekevu, nikaweka jina langu.

Siku ya kuzindua ilipokaribia niliingia chumba cha mbele, nikamwomba shangazi aje. Nilitaraji kufukuzwa. Nilitaka tu aone kwamba ninalo ninaloweza, hata kama Bahrain siwezi tena.

 Akasema, "Nitakuja, Bwana Asaad. Nna maneno yangu nataka kumwambia mzee huyo kabla sijafa. Nimeyaweka muda mrefu, nisije nikafa nayo."

"Maneno gani, shangazi?"

"Si yako."

Njiani Buthaina alinikonyeza kwenye kioo cha gari. Mle ndani mlikuwa na mimi na utukufu wangu, kiti cha nyuma marmaru iliyofunikwa mtandio wa Buthaina, na mbele ajuza wa miaka zaidi ya themanini anayekwenda kumgombeza maiti. Nikajiambia, la muhimu asimgombeze kabla ya hotuba.

Watu walifika wengi. Wanakundi wangu walikuja na kofia zao, wenyeji wakatandika mikeka, Hamoud akakoka moto wa kahawa. Nikaanza na ndani. Niliwainamisha wote mlangoni, nikawasimamisha kwenye nguzo, nikawamulikia mihrabu kwa tochi japokuwa jua lilikuwa linaingia dirishani la kutosha. Nilisema juu ya bakuli la kichina hata mimi mwenyewe nikatamani kulijua. Kisha nikawatoa nje, nyuma ya kibla, tukasimama mbele ya kaburi. Wanawake walikuwa tayari mkekani kivulini. Shangazi alipewa kiti, na karibu naye alikaa Wadha, dada mkubwa wa Hamoud, mama wa makamo yaliyopita kidogo, aliyekuwa akimkodolea macho tangu tuliposhuka garini.

"Mawe matatu," nikasema kwa Kiarabu, nikinyoosha fimbo, "ni alama ya daraja la juu la elimu. Na huyu ni babu yangu, Manangu, maana yake fundi mkuu kwa lugha ya..."

"Asaad," akasema shangazi kwa Kiswahili. "Nyamaza."

"Shangazi, nakaribia mwisho."

"Mwisho wako utausema baadaye. Njoo umsikilize huyu, Kiarabu chake cha majabalini sikipati chote. Ananishika uso. Anasema nimefanana na Manangu."

Nikacheka kile kicheko cha mwenye hotuba mkononi. "Anakusudia babu. Ni pua ya ukoo, shangazi."

"Mwambie aseme tena. Polepole."

Nikamwomba Wadha aseme tena, nikasimama baina yao nikiwa mkalimani, na fimbo bado nimeishika. Na Wadha akasema. Kwa Kiswahili nikikuelezea hutaona kitu, maana kwa Kiswahili ni "alikuja" tu na "alikaa" tu. Lakini Kiarabu hakifichi. Kila neno alilotamka Wadha juu ya Manangu lilikuwa la kike.

"Nilikuwa mdogo," alisema Wadha. "Alikuja na Sleyum kutoka Zanzibar. Hapa hakuwa na mtoto, basi watoto wote wa kijiji wakawa wake. Alikuwa na chuma kina vishimo, akitukaangia humo vitu vya mchele, vya mviringo, vitamu. Anatoka mlangoni anatuita. Majina yetu hayajui, Kiarabu hakijui. Kila mmoja wetu alimwita neno lile lile. Manangu, njoo. Manangu, kula. Sisi tukadhani ndilo jina lake, anatuambia jina lake. Nasi tukamwita hivyo. Mama yangu ndiye aliyemuosha alipokufa. Hapa ni kwa Manangu mpaka leo."

Nilianza kuifasiri sentensi ya kwanza, nikaiachia njiani. Sikuwa na haja ya kuendelea. Shangazi alikuwa amelishika neno moja tu, na lilimtosha.

"Manangu," akasema taratibu, kwa ulimi wa Wadha. Kisha akalisema tena kwa ulimi wetu, kwa sauti ile aliyoniitia tangu sina meno. "Mwanangu."

Wadha akampiga kofi la paja kwa furaha. "Ndilo hilo. Hivyo hivyo alivyokuwa akisema."

Sasa nifikirie mimi. Neno nililoitwa kila siku ya Mungu, kabla ya chai, baada ya chai, nikikosea, nikiumwa. Nimelisikia katika mdomo wa Mwarabu likipungukiwa herufi moja tu, nikalipeleka Himyari. Nilisimama pale mbele ya watu wote, nikajisikia haya, na chini ya haya ile nikasikia kitu kingine kikinipanda kifuani, maana nilianza kufahamu ni nani niliyekuwa nikimsomea Fatiha miaka yote hii kwa jina la mumewe.

Nikamgeukia Hamoud. "Mawe matatu," nikamwambia.

Hamoud akatazama birika. "Mawili mwanamume, ustadh. Matatu mwanamke."

"Kote?"

"Kote kwetu. Hata watoto wanajua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ukisema wanawake wetu wote ni wanazuoni," akasema Hamoud. "Mama zetu walifurahi sana. Nani angekukata kauli? Na wewe ni mgeni."

"Lakini mie nasema babu. Kila siku nasema babu yangu, nasema yeye mwanamume, kwa Kiarabu fasaha kabisa."

Hamoud akakohoa, akanimiminia kahawa ambayo sikuiomba. "Uniwie radhi, Ustadh Asaad. Nyinyi ndugu zetu wa Zanzibar, Mungu awazidishie, mwanamume na mwanamke katika Kiarabu chenu huwa wanabadilishana nafasi. Tumezoea. Tulijua unamkusudia bibi yako. Tukasema, masikini, mjukuu mwema, kila mara yuko kaburini kwa bibiye, kosa lake ni la ulimi tu."

Basi hapo ndipo nilipomkumbuka yule baharia na chai yake. Mzee wenu kafariki. Mzee yupi, baba au mama? Kiswahili chetu kina adabu, mzee ni mzee, na hakuna mtu barazani aliyeona haja ya kuuliza. Nilikuwa nimerithi. Nasema hivi si kujitetea, lakini nimetafuta katika ukoo wetu mtu mmoja aliyewahi kuuliza swali la pili, sijampata.

Shangazi alikuwa bado kamshika Wadha mkono. "Muulize," akaniambia, "na Sleyum?"

Wadha akajibu, nami safari hii nikafasiri neno kwa neno bila ya kuongeza langu. Sleyum alimchimbia mkewe kaburi kwa mikono yake, hapa karibu na kibla, ili kila anayesali awe karibu naye. Jiwe la katikati alilichukua mwenyewe kule wadini, bonde la mto mkavu, likamtoa damu begani. Baada ya hapo hakuweza kulala tena katika nyumba ile. Akaenda Bahrain kutafuta kibarua, hali ni mtu mzima, na hakurudi.

"Alikwenda na nani?" akauliza shangazi.

"Peke yake," akasema Wadha.

Shangazi akamwachia Wadha mkono. Niliyaona yale maneno yake, yale aliyoyaweka muda mrefu, yakimfika mdomoni na kukosa wa kuambiwa. Hatimaye akasema, si kwangu wala si kwa mtu, "Basi yale nilokuja nayo si yake."

Akamwashiria Buthaina, Buthaina akamnyanyua. Wakaenda pole pole mpaka kaburini. Wanakundi wangu, wataalamu wote, walijitenga wakaanza kutazama viatu vyao. Shangazi akainama kwa taabu, akaliwekea mkono lile jiwe la katikati, ambalo mimi nimelinyooshea fimbo sijui mara ngapi, nikiliita nyota.

"Mama," akasema. "Ni Muhsina. Nimechelewa, mama. Waliniambia uko mbali."

Nikalia. Sikulia kwa heshima kama anavyolia mstaafu. Nilikaa chini mchangani na kofia yangu, nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Wadha alikuja akanipa tende. Sikujua nifanye nini nayo, nikaila.

Hatukuzindua kitu. Shangazi alipouliza kuna nini chini ya mtandio, nikamwambia hakuna kitu, na Hamoud akanisaidia kukirudisha garini kwa haraka ambayo hakuwahi kunionyesha kabla. Njiani kuelekea garini alinifahamisha pia, kwa upole mkubwa, kwamba mlango wa msikiti ni mfupi kwa sababu ya mbuzi na joto, na zidaka zile ni za taa. La bakuli alisema hajui, hakuna ajuaye, na kama nataka kusema ni la Sleyum, ruhusa, mradi nianze na labda. Marmaru iko jikoni kwetu sasa. Buthaina anasukumia chapati juu yake, upande wa maandishi umelala chini, na anasema hajapata kuwa na sehemu nzuri kama ile ya kusukumia. Wakati mwengine chapati hutoka na alama ya jina langu pale alipousahau upande.

Tulirudi Sib. Shangazi alikaa mbele, mikono mapajani, na ngozi ya vidole bado ina vumbi la kule, kakataa kuifuta. Tulipofika barabara kubwa akasema:

"Mwanangu."

Nikapunguza mwendo. 

"Naam, shangazi."

"Bahrain."

"Shangazi, daktari kasema..."

"Mie nimeshafika nilipokuwa nikienda. Wewe ndiye utakwenda." Alikuwa akitazama mbele. "Kuna mtu kule kazikwa ugenini, hana wa kumsomea. Miaka yote hii nimemtukana kila Ijumaa kwa jambo asilolifanya. Aliyekufa peke yake ni yeye. Uende ukamtafute babu yako."

"Nitakwenda," nikasema. Sikutia inshallah, nikaona sitaki ichanganyike na zile za zamani.

"Utamwona vipi, katika makaburi yote hayo?" akauliza Buthaina.

"Nitauliza," nikasema.

 Buthaina akasema ameishi nami karibu miaka arubaini na hilo ndilo neno langu la kwanza la utaalamu.

"Ukimpata," akasema shangazi, "kaa hapo kidogo, usiondoke mbio. Mwambie mama nimemwona, hajambo, ana majirani wanaompenda. Mwambie jiwe alolibeba lipo. Halafu umwambie Muhsina anaomba radhi." Akavitazama vidole vyake vyenye vumbi. "Umwambie vizuri, Asaad."

"Nitamwambia vizuri, shangazi."

"Na umwambie kwa Kiswahili, mwanangu," akasema. "Kwa Kiarabu chako utamgeuza mwanamke."